Qaala, Yaquulu, Qul: Irabu Inapofupika



Ndugu zangu wanafunzi, safari hii naleta somo dogo la sarufi ya Kiarabu, na nitaanza na kosa langu mwenyewe. Muhula uliopita, darasani hapa Arua, niliambiwa niseme "sikusema" kwa Kiarabu. Nikasimama nikajibu: lam aquul. Jibu sahihi ni lam aqul. Mwenzetu mmoja akasema kwa sauti, "Hicho ni Kiarabu cha Koboko!" Darasa zima likacheka.

Ni kweli natoka Koboko, na nyumbani kwetu tunasema Kinubi. Nilipokwenda likizo nilikuwa bado na uchungu, nikaumalizia kwa asiyehusika. Nilimwambia bibi yangu mzaa mama kwamba Kinubi ni Kiarabu kilichovunjika, nacho ndicho kilichoniaibisha. Hakunigombeza. Aliendelea kupepeta mchele, kisha akauliza: "Mjukuu wangu, sura zinazoanza kwa qul nilikufundisha mimi. Uliwahi kunisikia nikisoma quul?"

Sikuwa na jibu. Sura hizo ni tano: al-Jinn, al-Kaafiruun, al-Ikhlaas, al-Falaq na an-Naas. Kanuni iliyonishinda darasani nilikuwa naisoma katika sala tangu utotoni.

Tuitazame kanuni yenyewe. Qaala (alisema) ni kitenzi kinachoitwa ajwaf, yaani chenye uwazi ndani, kwa kuwa herufi ya kati ya asili yake ni wau, herufi dhaifu. Katika mudhari, wau hiyo husikika kama uu:

aquulu – ninasema
taquulu – unasema (mwanamume)
taquuliina – unasema (mwanamke)
yaquulu – anasema (mwanamume)
taquulu – anasema (mwanamke)
naquulu – tunasema
taquuluuna – mnasema (wanaume)
yaquuluuna – wanasema (wanaume)
yaqulna – wanasema (wanawake)

Angalia mstari wa mwisho: uu imekuwa u. Sababu iko kwenye herufi inayofuata, yaani L. Katika mistari mingine yote L ina irabu yake: lu, lii, luu. Katika yaqulna L ina sukuni. Irabu ndefu ikikutana na sukuni hapo, irabu hufupika.

Basi usikariri orodha. Jiulize swali moja tu: je, L ina irabu au ina sukuni? Neno lam, la kukanusha wakati uliopita, huiwekea L sukuni, ndiyo maana tunasema lam aqul, lam yaqul, lam naqul. Lakini "hawakusema" ni lam yaquuluu: L ina irabu, kwa hiyo uu inabaki. Amri nayo ni hivyo hivyo: qul kwa mwanamume mmoja, quulii kwa mwanamke mmoja, quuluu kwa wanaume wengi.

Kiswahili pia kina vitenzi vya namna hii. Tunasema ninakula, lakini kwa kukanusha tunasema sili. Ninakuja, lakini siji. Ile ku inakuja na kuondoka kwa utaratibu wake, wala hakuna anayesema Kiswahili kimevunjika.

Na Kinubi je? Kitenzi chake hakibadiliki kwa nafsi. "Ninakwenda" ni ana gi-ruwa, "unakwenda" ni ita gi-ruwa, "anakwenda" ni uwo gi-ruwa, "tunakwenda" ni ina gi-ruwa, "wanakwenda" ni umon gi-ruwa. Ukitaka wakati ujao, badili gi- iwe bi-: ana bi-ruwa. Lugha hii ilikua katika kambi za askari wa Sudan, miongoni mwa watu wa makabila mengi waliohitaji kuelewana. Baadhi yao walikuwa jeshi la Emin Pasha huko Equatoria, na mwaka 1891 Lugard aliwachukua wengi wao na kuwaleta Uganda. Nafsi inatajwa na ana, ita na uwo. Wakati unatajwa na gi- na bi-. Hakuna kilichopotea. Kazi imegawanywa kwa namna nyingine.

Kwa hiyo kosa langu halikutoka kwa bibi wala Koboko. Nilijua aquulu, nikaondoa irabu ya mwisho, nikasahau kuitazama sukuni niliyoileta. Ni kosa la mtu ambaye hakudurusu. Kabla likizo haijaisha nilimwomba bibi radhi. Alicheka, akaniambia nimsomee sura zote tano, naye akasikiliza kila qul.

Sasa zamu yako. Geuza vitenzi hivi viwe na lam katika nafsi ya kwanza umoja:

1. swaama, yaswuumu (kufunga)
2. baa'a, yabii'u (kuuza)
3. naama, yanaamu (kulala)

Majibu: lam aswum, lam abi', lam anam. Ukipata yote matatu, umeona kwamba kanuni ni ileile hata irabu ikiwa ii au aa. Na ukikosa, mwenzako asikucheke, nawe usimcheke wake akikosa.

Wabillahi tawfiiq.