Dondoo muhimu: Kuitambua ndege ndogo Kalemie

Usianze na rangi. Mnunuzi mpya huipaka upya.

• Tazama mkia. An-28 na L-410 zote zina mabawa juu na injini mbili, ndiyo maana huchanganywa sana: An-28 ina mikia miwili ya wima, L-410 mmoja.
• Jina la Antonov lisikudanganye: An-28 ilibuniwa Kyiv, ikaundwa Mielec, Poland. L-410 hutoka Kunovice, Ucheki.
• Nakili namba ya kiwandani. Herufi za usajili wa Kongo, 9Q, hubadilika ndege ikisajiliwa nchi nyingine.
• Picha ya Albertville (jina la zamani la Kalemie) yenye ndege ya usajili wa OO-C? Enzi za Wabelgiji hiyo.
• Ndege za Wabelgiji zilizoruka kutoka Mtoa, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1916 ziliundwa Uingereza: Short 827.
• Omba ruhusa kabla ya kupiga picha uwanjani, hata ya simu.