Saladi ya Caesar Bila Kwenda Hotelini

Kuanzia Masaki hadi Nyali, hoteli yenye menyu ya Kizungu ni nadra ikose saladi ya Caesar. Ukiitazama kwenye sahani haina maajabu: majani, sosi, jibini na vipande vya mkate. Lakini wengi wanaojaribu kuitengeneza nyumbani wanalalamika kwamba majani yanalegea, sosi inajikusanya chini ya bakuli, na ladha haifiki. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye jiko la baridi, yaani upande wa hoteli unaotoa saladi na vitangulizi. Kijana mgeni akifika pale kazi ya kwanza anayopewa ni kuosha majani na kuyakausha. Wengi hudhani wanaonewa. Haya hapa ni maswali ninayoulizwa mara kwa mara.

Shefu, shikamoo. Huyu Caesar ndiye yule mtawala wa Roma?

Marahaba. Hapana, huyu alikuwa mwenye mgahawa. Aliitwa Caesar Cardini, Muitaliano aliyehamia Amerika na kufungua mgahawa Tijuana, mji wa Mexico ulio mpakani na California. Kati ya mwaka 1920 na 1933 pombe ilipigwa marufuku Marekani, kwa hiyo watu wa San Diego na Los Angeles walikuwa wakivuka mpaka kwenda kula na kunywa. Familia yake husimulia kwamba tarehe 4 Julai 1924, sikukuu ya uhuru wa Marekani, wateja walifurika hadi jiko likaishiwa. Cardini akakusanya kilichobaki, akakichanganya mbele ya wateja kwa mbwembwe, wakapenda. Ndugu yake Alex naye alidai saladi ni yake. Ugomvi huo siuingilii.

Ninachotaka ushike ni namna ilivyoliwa. Majani yaliachwa mazima, mtu anashika jani kwa kikonyo na kulila kwa mkono. Mpishi maarufu wa Marekani, Julia Child, alipelekwa pale na wazazi wake akiwa mtoto, na katika kitabu chake cha mwaka 1975 alieleza alivyomwona Cardini mwenyewe akivunja mayai juu ya majani. Kuku hakuwepo.

Natumia saladi ya kawaida ya sokoni. Inafaa?

Inategemea ipi. Ile yenye majani laini yaliyojikunja, ambayo kinamama hupanga kwenye mafungu, ni nyororo mno. Sosi nzito inaiangusha papo hapo. Unahitaji romaini, ile ndefu iliyosimama, yenye mshipa mnene mweupe katikati. Mshipa huo ndio unaolia kinywani, na ndio unaobeba sosi. Maduka makubwa ya mijini yanayo, na wauza mboga wanaohudumia hoteli huwa nayo pia ukiwaagiza mapema. Ukiikosa kabisa, chukua ile ya duara iliyojifunga kama kabichi. Ladha yake ni maji matupu, ila inavunjika vizuri.

Ondoa majani ya nje yaliyochoka. Ya ndani yaliyopauka ndiyo matamu.

Yangu inatoka imelowa kila mara. Nakosea wapi?

Hapa ndipo saladi za nyumbani nyingi zinapofia, na wala kosa haliko kwenye sosi. Sosi ya Caesar ni mafuta kwa sehemu kubwa, na mafuta hayashiki kwenye jani lenye maji. Yanateleza, yanashuka, na maji yanabaki kuyazimua. Unaongeza sosi nyingine, nayo inashuka vilevile.

Fanya hivi. Tenganisha majani moja moja, uyasugue kwa vidole chini ya maji yanayotiririka, hasa pale shinani ambapo mchanga hujificha. Kama huyaamini maji ya bomba, suuza mara ya mwisho kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Usilipuuze hili: jani hili halipiti motoni, na mboga nyingi za mijini humwagiliwa kwa maji ya mito na mitaro ambayo usingependa kuyaonja. Kisha yatumbukize kwenye maji safi yenye barafu kwa dakika 10 hadi 15. Jani lililonyauka linanywa maji na kusimama tena.

Sasa kausha. Kama una kile chombo cha plastiki cha kuzungusha saladi, kitumie, na usijaze. Zungusha kidogo kidogo, ukimwaga maji kila mara. Kama huna, tandaza majani kwenye kanga safi ya pamba, kusanya pembe nne, toka nje na uizungushe kwa nguvu. Watoto watakugombea kazi hiyo. Baada ya hapo yapange juu ya kitambaa kingine kikavu, kunja, weka kwenye friji kwa saa moja au hata tangu asubuhi. Linalotoka humo likiwa baridi na kavu, ukilikunja linakatika kwa mlio, hilo ndilo jani la hotelini. Weka na bakuli kwenye friji.

Nipe vipimo vya sosi, tafadhali.

Kwa watu wanne: kiini cha yai kimoja, punje moja ya kitunguu saumu, minofu minne ya anchovi, kijiko kimoja cha chai cha haradali ya Dijon, kijiko kimoja cha chai cha sosi ya Worcestershire, vijiko viwili vya chakula vya maji ya ndimu, mafuta mililita 120, jibini ya Parmesan gramu 40 iliyoparuzwa, na pilipili manga iliyosagwa wakati huohuo. Majani ni mashina mawili makubwa. Chumvi iache mpaka mwisho, kwa sababu anchovi na jibini zina chumvi ya kutosha.

Ponda kitunguu saumu na anchovi kwenye kinu kidogo hadi viwe uji. Ongeza kiini, haradali na ndimu, piga. Halafu anza mafuta, tone kwa tone. Narudia: tone kwa tone, mpaka uone sosi imeanza kuwa nzito na kupauka. Hapo unaweza kumimina uzi mwembamba. Kiini cha yai kina lesithini, inayoshika mafuta kwa upande mmoja na maji kwa upande mwingine, ila haiwezi kushughulikia mafuta mengi kwa mpigo. Mwisho tia Worcestershire na nusu ya jibini.

Sosi yangu ilikatika, mafuta yakaelea juu. Niimwage?

Usimwage. Chukua bakuli safi, weka kijiko cha chai cha haradali na kijiko cha maji ya vuguvugu, kisha rudisha ile sosi iliyokatika humo kidogo kidogo huku ukipiga. Itashikana.

Naweza kutumia blenda?

Unaweza, lakini mafuta ya zeituni yale mazuri ya kijani yakipigwa kwa kasi ya blenda huweza kuwa machungu. Tumia ya alizeti kwenye blenda, halafu malizia na ya zeituni kwa mkono. Mimi nusu kwa nusu ndivyo ninavyopenda hata bila blenda, maana zeituni tupu humeza ladha ya jibini. Na alizeti ya Singida haina cha kuonea aibu mbele ya Muitaliano yeyote.

Mke wangu ni mjamzito. Yai bichi vipi?

Asile. Wajawazito, watoto wadogo, wazee na wenye kinga dhaifu waepuke yai bichi, kwa sababu ya bakteria aina ya salmonela. Mapishi mengi husema chemsha yai kwa dakika moja kisha ulivunje. Dakika moja inalitia yai uvuguvugu tu, bakteria hawafi. Na ndimu nayo haiui kwa kutegemewa, hata kama jirani yako anaapa.

Kuna njia mbili salama. Ya kwanza: weka kiini, maji ya ndimu na kijiko cha maji kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka polepole, koroga bila kuacha hadi mchanganyiko ufike nyuzi joto 71. Nunua kipimajoto cha jikoni, ni kitu kidogo na kitakusaidia hata kwenye kuku. Mchanganyiko ukipoa, endelea na mafuta kama kawaida. Ya pili ni ya haraka: vijiko vitatu vikubwa vya mayonezi ya dukani inayosema kwenye lebo kwamba mayai yake yamepasteurishwa, halafu uongeze kitunguu saumu, anchovi, ndimu na jibini. Wapishi wengine hukunja uso wakisikia hivyo. Migahawa mingi hufanya hivyohivyo na bili inakuja ileile.

Badala ya anchovi, si nitumie dagaa? Ni samaki haohao.

Swali zuri, na jibu lina pande mbili. Dagaa mchele wa Unguja na pwani yetu kweli ni jamaa ya anchovi. Dagaa wa Kigoma na wa Ziwa Victoria ni koo nyingine kabisa. Lakini tofauti kubwa iko kwenye matayarisho. Dagaa wetu wa pwani huchemshwa kwa maji ya chumvi na kuanikwa, ndivyo wanavyofika mpaka Kongo. Anchovi wa Bahari ya Mediterania huwekwa wabichi kwenye chumvi, hukaa humo kwa miezi, na vimeng'enya vya samaki mwenyewe huivisha nyama taratibu hadi iwe laini, nyekundu, na yenye ule utamu wa nyama unaobaki ulimini. Samaki aliyechemshwa vimeng'enya vyake vimekufa. Hawezi kufika huko. Dagaa kwenye sosi hii watakupa harufu bila utamu.

Ukikosa anchovi, ongeza Worcestershire hadi vijiko viwili vya chai, basi. Kwa mujibu wa binti yake, Rosa, Cardini mwenyewe hakuwa akiweka anchovi. Ladha ya samaki ilitokana na sosi hiyo, ambayo ndani yake kuna anchovi. Kuna na ukwaju pia, kwa hiyo mtu wa pwani akiionja huhisi anaifahamu.

Salaam aleikum, shefu. Nimeona baadhi ya hoteli wanaweka nyama ya nguruwe. Inawezekana kula bila wasiwasi?

Wa aleikum salaam. Ile ya asili haikuwa na nyama yoyote, kwa hiyo ukiiacha hupunguzi kitu. Ukiwa hotelini uliza kabla, maana vipande vya nguruwe hukaangwa na kumwagwa juu, na wakati mwingine mafuta yake huingia kwenye mkate. Nyumbani angalia mambo mawili zaidi: lebo ya sosi na haradali, kwa ajili ya aina ya siki au divai iliyotumika, na jibini. Parmesan halisi ya Italia, Parmigiano Reggiano, hugandishwa kwa rennet ya tumbo la ndama. Wako wasioona tatizo na wako wanaotafuta jibini iliyogandishwa kwa rennet isiyo ya mnyama. Hukumu muulize anayekuongoza katika dini. Mimi kazi yangu ni kukwambia kilichomo.

Lazima jibini iwe hiyo ya Parmesan? Bei yake inatisha.

Lazima iwe ngumu na iliyokaa muda. Parmigiano Reggiano hukaa si chini ya miezi 12, ndiyo maana ina ladha nzito kiasi kwamba gramu 40 zinawatosha wanne. Nunua kipande kidogo ukiparuze mwenyewe. Ile ya unga iliyo kwenye kopo iache dukani. Jibini yoyote ngumu ya hapa nyumbani yenye chumvi nzuri itakusogeza karibu kuliko kopo hilo.

Vipande vya mkate vinaungua nje na kubaki laini ndani.

Ni mkate wa slesi, sivyo? Mingi ina sukari, na sukari inabadilika rangi kabla mkate haujakauka. Tafuta boflo ya jana. Ikate vipande vya ukubwa wa kidole gumba, changanya na mafuta yaliyolowekwa kitunguu saumu, weka ovenini nyuzi 180 kwa dakika 10 hadi 12, ukigeuza mara moja. Bila oveni, kikaango kizito na moto mdogo vinatosha, ila usiondoke jikoni.

Wageni wanafika saa moja usiku. Nichanganye saa ngapi?

Wakishakaa. Kachumbari ukiiacha ikae inatoa maji yake na kunoga. Hii ukiiacha inakufa, kwa sababu mafuta hupenya kwenye ngozi ya jani na chumvi inanyonya maji. Paka sosi kwanza kwenye kuta za bakuli baridi, weka majani, yageuze kwa mikono miwili hadi kila moja ling'ae. Anza na nusu ya sosi. Mara nyingi hutahitaji yote. Mkate na jibini iliyobaki ni vya mwisho. Kama unaweka kuku, mkatekate umlaze juu, usimchanganye akiwa moto.

Na kama unataka heshima, changanya mezani mbele yao. Mgahawa ule wa Tijuana bado upo Avenida Revolución, na mhudumu huja na bakuli kubwa la mbao hadi kwenye meza yako.

Ikibaki, naitunzaje?

Sosi iliyopikwa yai hukaa kwenye friji siku mbili, na inafaa juu ya viazi vya kuchemsha au kuku baridi. Yenye yai bichi itumie siku hiyohiyo, inayobaki imwage. Majani yakishapakwa sosi hayahifadhiki. Pakua kwa idadi ya walio mezani, na majani ya ziada yarudishe kwenye kitambaa chake yakiwa makavu, yatakufaa keshokutwa.