Unahamia Kyela Kulima? Anza na Chakula Chako



Kila mwaka ikifika Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijashika, napokea wageni ofisini. Wengine wametoka Dar es Salaam, wengine Mbeya mjini. Wana hela kidogo mkononi, wana hesabu za faida kwenye simu, na karibu wote wana swali moja: "Bwana shamba, mpunga gani unalipa?"

Leo sitajibu swali hilo. Nataka tuongelee jambo linalotangulia mbegu, yaani kuhama mjini kuja kuishi kijijini kwa ajili ya kilimo, na maana halisi ya kujitegemea ukishafika.

Kijana wa ekari 8

Nianze na kijana mmoja. Jina lake naliweka kando. Alikuja na shilingi milioni 6. Milioni 4 alizikusanya kwa bodaboda, na milioni 2 mama yake alimkopea kwenye kikoba. Akakodi ekari 8 za mpunga bondeni, karibu na mto, akapanga chumba, akaanza kazi.

Alipokuja kwangu nilimweleza mbegu, nafasi na mbolea. Akaandika kila kitu vizuri. Lakini sikumuuliza atakula nini mpaka Juni. Wala sikwenda naye shambani kuangalia maji ya mwaka uliopita yalifika wapi. Hilo kosa ni langu, na ndilo limenifanya niandike somo hili.

Ilipofika Februari hela ilikuwa imeisha. Ilikwenda kwenye kodi, kulimisha, vibarua wa kupanda na palizi ya kwanza. Chakula alikuwa ananunua kila kitu dukani, hata mchicha. Mwezi wa tatu akauza magunia 15 ya mpunga ambao bado uko shambani, kwa nusu ya bei ya wakati wa mavuno. Aprili mto ukatoka kwenye kingo zake. Ekari 6 zikalala chini ya maji na mchanga zaidi ya wiki.

Ekari 2 zilizopona zilimpa magunia 24. Mnunuzi akachukua 15 yake. Madeni na vibarua wa kuvuna vikala 6. Kijana akabaki na magunia 3.

Watu wakasema amemalizwa na mafuriko. Ni kweli, ekari 6 zilichukuliwa na mto. Lakini yale magunia 15 hayakuchukuliwa na mto, yalichukuliwa na njaa ya Machi. Angekuwa na chakula chake, angeyauza mwenyewe kwa bei kamili na deni la mama lingepungua mwaka uleule.

Kujitegemea ni nini hasa

Neno hili tumelisoma shuleni kwenye Azimio la Arusha la mwaka 1967, na wengi tumeliacha hukohuko kama siasa za zamani. Lakini hoja yake moja ni ya mkulima kabisa: fedha ni matunda ya kazi, siyo msingi wake, na juhudi bila maarifa haifiki mbali. Kijana wetu alikuwa na fedha na juhudi. Maarifa ya mahali alipofikia ndiyo yalikosekana.

Hata kabla ya Azimio, wapo vijana waliojaribu. Mwishoni mwa mwaka 1960, vijana wa TANU wa Songea, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walikwenda kuanzisha makazi mapya Litowa. Jaribio la kwanza likavunjika. Mwaka 1961 wakarudi upya, wakalima pamoja na kuamua mambo yao kwenye vikao vyao wenyewe. Vijiji vingine vikaungana nao katika Chama cha Maendeleo Ruvuma, wakawa na shule yao Litowa na mashine ya kusaga. Chama kilivunjwa kwa amri Septemba 1969, lakini hilo ni somo la siku nyingine. Ninachotaka ukione ni kwamba walishindwa mara ya kwanza, wakarudi, na hakuna aliyefanya kazi hiyo peke yake.

Hapa kwetu Unyakyusa jambo hili lina mizizi ya zamani zaidi. Wazee wanajua, na mtafiti Monica Wilson aliliandika kwenye kitabu mwaka 1951: wavulana wa rika moja walikuwa wanatoka nyumbani kwa wazazi wakiwa na miaka kama kumi hivi, wanajenga vibanda vyao pamoja, na huo unakuwa mwanzo wa kijiji chao. Lakini angalia utaratibu. Waliendelea kula kwa mama zao na kulima mashamba ya baba zao mpaka walipooa na kuwa na mashamba yao. Walihama mapema, ila walijitegemea hatua kwa hatua, na kila mmoja akiwa na wenzake pembeni.

Kwa hiyo tusichanganye. Kujitegemea si kujitenga. Msemo wa "mtegemea cha nduguye hufa maskini" unakukataza kukaa ukingoja cha mwenzako. Haukukatazi kuwa na ndugu. Mkulima anayejitegemea ni yule ambaye bei ikishuka au mvua ikizidi, bado anakula, bado ana mbegu, bado ana mtu wa kumgongea mlango. Sasa tuingie kwenye vitendo.

1. Njoo wewe kabla ya hela yako

Njoo Aprili, si Oktoba. Oktoba kila shamba la Kyela linapendeza. Aprili ndipo utaona Kiwira, Mbaka na Lufilyo zikishusha maji ya milimani kuelekea ziwani. Tembea shambani unalotaka kukodi. Angalia alama ya tope kwenye mashina ya michikichi na migomba. Uliza watu watatu tofauti, mmoja awe mwanamke anayelima jirani na hapo: "Mwaka wa maji mengi, yalifika wapi?" Majibu yakipishana sana, uliza wa nne.

Ukikuta shamba zuri la bondeni, usiweke mtaji wote hapo. Gawa: sehemu bondeni, sehemu mahali palipoinuka.

2. Kodi kwanza, kununua baadaye

Msimu wa kwanza ni wa kujifunza. Kodi ekari 1 au 2, kwa maandishi, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji. Hakikisha anayekukodisha ndiye mwenye shamba na familia yake inajua, maana kaka mtu akirudi kutoka Tunduma hutaki kuanza kesi mpunga ukiwa umechanua.

Ukifika wakati wa kutaka ardhi ya kijiji, kumbuka Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Halmashauri ya Kijiji haiwezi kukugawia ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mtu akikuambia "hilo tutalimaliza sisi wawili hapa", ondoka. Na ukishapata, fuatilia hati ya hakimiliki ya kimila.

Jambo lingine: usipande kakao kwenye shamba la kukodi. Kakao inaanza kuzaa baada ya miaka 3 hadi 5. Tena kupanda mti wa kudumu kwenye ardhi ya mtu huchukuliwa kama kudai umiliki. Utaleta ugomvi ambao hukuukusudia.

3. Pima chakula chako kwa kilo

Chukua kalamu. Mtu mzima anayekula mchele nusu kilo kwa siku anahitaji kilo 180 hivi kwa mwaka. Mpunga ukikobolewa unatoa mchele kama asilimia 60 hadi 65. Maana yake unahitaji karibu kilo 300 za mpunga, yaani magunia 3 ya kilo 100. Ukivuna magunia 12 kwa ekari, robo ekari inakulisha mwaka mzima. Robo ekari tu! Mkiwa wanne nyumbani, ni ekari moja.

Sehemu hiyo iweke alama tangu siku ya kupanda. Mpunga wake hauuzwi, haukopewi, haujadiliwi. Pembeni weka mihogo, migomba, mchicha, majani ya maboga na kuku wachache. Kila unachokula bila kununua kinakupa nguvu ya kumwambia mnunuzi wa Machi, "Njoo Julai."

4. Gawa hela mafungu matatu

Fungu la kwanza ni la shamba, na liende mpaka kuvuna na kusafirisha, lisiishie kwenye kupanda. Wengi wanasahau palizi ya pili na kuvuna. Fungu la pili ni la tumbo na nyumba, kuanzia Desemba mpaka Juni, miezi 7. Fungu la tatu ni la dharura, na humo weka matibabu. Kyela ni joto, ni bonde, na malaria ipo. Kulala bila chandarua msimu wa kupanda ni kuchezea nguvukazi yako mwenyewe.

Ukigawa hivyo ukakuta hela ya shamba inatosha ekari 2 tu badala ya 8, basi wewe ni mkulima wa ekari 2 mwaka huu. Hakuna aibu.

5. Jifunze kutunza mbegu

Kwa mbegu za asili, na mbegu bora zisizo chotara, unaweza kujitunzia. Chagua katikati ya shamba, mahali pasipo na magonjwa, ng'oa mashina yasiyofanana na mengine, vuna sehemu hiyo peke yake, kausha vizuri kwenye turubai na hifadhi pakavu. Kabla ya msimu, hesabu punje 100, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, na uhesabu zilizoota baada ya siku 7 hadi 10. Zikiwa chini ya 80, tafuta mbegu nyingine mapema. Jaribio hili halina gharama, na linaokoa msimu.

6. Tafuta hela ndogo ya kila wiki

Mpunga unalipa mara moja kwa mwaka, lakini chumvi inaisha kila wiki. Tafuta kitu kinachozunguka: mayai, ndizi, miche ya kakao kwa ajili ya wengine, au usipa wa kununua ziwani Matema na kuuza vijiji vya juu. Hela hiyo ndogo ndiyo inayozuia mpunga wako usiuzwe ukiwa bado kijani.

7. Jiunge na watu

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe usingoje kupewa. Majirani wakienda kusaidiana palizi, nenda. Msiba ukitokea, nenda, tena ubaki mpaka mwisho. Kwa Wanyakyusa msiba hauangaliwi kwa mbali. Hapo ndipo watu watakujua wewe ni nani. Na ukifikia kuwa na kakao yako, jiunge na AMCOS. Ivundike kwenye majani ya migomba siku 5 hadi 7 huku ukiigeuza, ikaushe vizuri, uuze kwa stakabadhi ghalani badala ya kuuza mbichi gizani.

Mwisho wa yule kijana

Baada ya mavuno yale alitaka kurudi Dar. Nauli alikuwa nayo. Mzee jirani yake, ambaye kijana alimsaidia kubeba mpunga siku ya mafuriko, akamwita na kumwambia, "Una magunia 3. Huo ni mwaka mzima wa kula. Sasa unaondokea nini?" Akampa pembe ya shamba lililoinuka, kama ekari moja na nusu, alipe baada ya kuvuna. Kijana akajibu kwa neno la Kinyakyusa alilokuwa amejifunza, "Ndaga, tata."

Huu ni msimu wake wa tatu tangu hapo. Hajawa tajiri. Deni la mama limebaki laki 3. Ana kuku, ana migomba, ana mbegu yake mwenyewe kwenye kiroba. Mwezi wa tatu mwaka huu mnunuzi alipita tena kwake na bei ileile ya nusu. Alimkaribisha chai, akamwambia arudi Julai.

Kwa hiyo kijana mwenzangu, kama umeshaamua kuhama, karibu Kyela. Kabla hujakodi chochote, fika ofisi ya kata ukaonane na afisa ugani. Na asipokuuliza utakula nini mpaka Juni, kama mimi nilivyosahau, mwambie wewe. Jibu lako likiwa limekamilika, hapo ndipo mzungumze habari za mbegu.