Kubadili Muundo wa Video za Kufundishia Tiba bila Kufichua Siri ya Mgonjwa

Video ya moyo iliyorekodiwa kwa mashine ya ultrasaundi inapogoma kufunguka katika kompyuta ya darasani, mwalimu aliyebakiwa na dakika chache kabla ya kipindi huelekea mtandaoni. Hukuta tovuti inayoahidi kubadili faili bila malipo, huipakia video yake, na baada ya muda mfupi kazi huonekana imekwisha. Katika muda huohuo, picha za mgonjwa, pengine pamoja na jina lake lililoandikwa pembeni, zimehamia katika seva ya mtu asiyejulikana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 nayo inafanya vivyo hivyo. Mwezi Machi 2025, ofisi ya FBI mjini Denver, Marekani, ilionya kwamba baadhi ya tovuti za namna hiyo humrudishia mtumiaji faili lenye programu hasidi. Video ya mgonjwa, basi, ibadilishwe ndani ya kompyuta ya mwenye kazi, wala si kwingineko.

Kabla ya kuchagua zana, yafaa kutofautisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. MP4, MOV, AVI na MKV ni majina ya makasha. Ndani ya kasha mna picha na sauti zilizobanwa kwa kanuni maalumu iitwayo kodeki, kama vile H.264 iliyotoka mwaka 2003, au H.265 iliyoifuata mwaka 2013. Kompyuta kuukuu huweza kulifahamu kasha lakini ikashindwa na kodeki iliyomo. Ndiyo maana kubadili herufi za mwisho za jina la faili, kutoka MOV kuwa MP4, hakutibu chochote.

Iwapo tatizo ni kasha peke yake, programu huria ya FFmpeg, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, huhamisha yaliyomo bila kuyabana upya. Amri yake ni fupi: ffmpeg -i moyo.mov -c copy moyo.mp4. Kazi huisha upesi, na ubora wa picha haupungui hata kidogo. Hii ndiyo njia ya kujaribiwa kwanza, ingawa wengi huiruka kwa kuogopa kuandika amri.

Tatizo likiwa kodeki, hapana budi video ibanwe upya, na hapo HandBrake humfaa zaidi asiyependa amri. VLC nayo hubadili faili, lakini sifa yake kubwa ni kufungua karibu kila kitu; mara nyingine kuisimika VLC katika kompyuta ya darasani huondoa haja yote ya kubadili.

Katika HandBrake, ubora hupangwa kwa namba ya RF: namba ikishuka, ubora hupanda na faili hunenepa. Kwa video ya 1080p, watengenezaji wake hupendekeza kati ya 20 na 24. Somo la mhadhara halidhuriki kwa 24. Picha ya kitabibu yafaa ikae chini zaidi. Mtego mkubwa, hata hivyo, umo katika idadi ya fremu kwa sekunde. Mipangilio iliyo tayari, kama Fast 1080p30, huweka kikomo cha fremu 30. Vali ya moyo hufunguka na kufunga kwa kasi, na video iliyorekodiwa kwa fremu 60 ikipunguzwa kuwa 30, nusu ya hatua za mwendo huo hupotea, na mwanafunzi hatajua kwamba kuna kilichopotea. Sehemu hiyo ibadilishwe ili idadi ya fremu ibaki kama ya faili la asili. Faili la asili lenyewe lisifutwe, kwani kilichotupwa wakati wa kubana hakirudishiki.

Kuhusu ukubwa, hesabu ni nyepesi. Dakika 10 kwa kasi ya megabiti 8 kwa sekunde ni megabaiti 600. Kwa megabiti 1 ni megabaiti 75. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mwanafunzi anayenunua bando kwa fedha yake.

Kubadili muundo hakumfichi mgonjwa. Jina lililochapwa juu ya picha husalia katika kila nakala hadi sehemu hiyo ikatwe, na HandBrake ina nafasi ya kukata kingo. Video za simu huweza pia kubeba mahali na saa ya kurekodiwa; katika FFmpeg, kuongeza -map_metadata -1 huondoa maelezo ya jumla ya faili. Sauti nayo isikilizwe mpaka mwisho, maana muuguzi huenda alimwita mgonjwa kwa jina.

Zana zenyewe zipakuliwe kutoka handbrake.fr, videolan.org na ffmpeg.org, au katika viungo vinavyotolewa humo. Hata hapo uangalifu unahitajika: tarehe 2 hadi 6 Mei 2017, seva moja ya kupakulia HandBrake ilivamiwa, na faili la kompyuta za Mac likabadilishwa kwa lenye programu ya kijasusi. Aliyelinganisha alama ya SHA-256 ya faili alilopakua na ile iliyotangazwa na watengenezaji aliweza kuona kwamba hazifanani, kabla ya kulifungua.