Kura Zile Zile, Mshindi Mwingine



Ukifika Kariakoo, Dar es Salaam, utakuta watu wanabishana juu ya mambo mawili bila kuchoka. La kwanza ni Simba na Yanga. La pili, hasa kwa wenye mvi, ni Msondo na Sikinde. La mpira tuliache, maana halina mwisho. Leo tushike la muziki, kwa sababu ndani yake kuna somo juu ya uchaguzi.

Msondo ni bendi iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Wakati huo iliitwa NUTA Jazz. Kila chama kilipobadili jina, na bendi nayo ikabadili: ikawa JUWATA Jazz, ikawa OTTU Jazz, mwisho Msondo Ngoma. Sikinde ni mtindo wa Mlimani Park Orchestra, iliyoanza mwaka 1978. Mwaka 1983 bendi hiyo ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC, na wapenzi wake wakawa wanaifuata hadi ukumbi wa DDC Kariakoo. Bendi hizi mbili zimechukuliana wanamuziki miaka na miaka. Marehemu Muhiddin Maalim Gurumo aliimba kote kuwili, na mashabiki wakaendelea kununiana vile vile.

Je, ipi ni bora? Atatokea mtu aseme, "Jamani, mnabishania nini? Tupige kura tumalize." Vema. Lakini kura hizo tutazihesabuje? Wengi wetu tunadhani hilo si swali. Kura ni kura, mwenye nyingi ndiye mshindi. Hebu tulijaribu jambo hili kwa mikono yetu, halafu tuone.

Mkiwa katika kikundi chenu cha kujisomea, tafuteni punje 100. Mahindi yawe 40, maharage 35, na kunde 25. Kila punje ni mtu mmoja aliyekuja ukumbini Kariakoo jioni ya Jumapili. Watu hao 100 wataamua muziki gani upigwe siku ya sikukuu. Wapo wa kuchaguliwa watatu: kikundi cha taarab, Msondo na Sikinde. Hesabu hii tumeitunga sisi kwa ajili ya somo, wala haikutoka kwa mtu yeyote.

Mahindi ni watu 40 wanaotaka taarab. Ikikosekana taarab, afadhali Sikinde.

Maharage ni watu 35 wanaotaka Msondo. Ikikosekana Msondo, afadhali Sikinde. Taarab hawaitaki kabisa.

Kunde ni watu 25 wanaotaka Sikinde. Ikikosekana Sikinde, afadhali Msondo. Nao taarab hawaitaki.

Sasa tuhesabu kwa njia ya kwanza, ile tuliyoizoea. Kila mtu apige kura moja, mwenye nyingi ashinde. Taarab 40, Msondo 35, Sikinde 25. Taarab imeshinda. Lakini tazameni lile fungu la maharage na kunde mkiliweka pamoja: ni watu 60. Watu 60 kati ya 100 walitaka dansi, nao watakaa vitini siku ya sikukuu wakisikiliza muziki ambao hawakuutaka kabisa. Hakuna aliyeiba kura. Dansi imeshindwa kwa sababu wapenzi wake waligawanyika mafungu mawili.

Njia ya pili ni ya duru mbili. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, yaani kuanzia 51 katika 100, wa mwisho anatolewa na watu wanapiga tena. Sikinde ina 25, inatoka. Wale watu wa kunde wanakwenda kwenye chaguo lao la pili, Msondo. Msondo sasa ni 35 na 25, jumla 60. Taarab imebaki na 40 zake. Msondo imeshinda.

Njia ya tatu ni ya kushindanisha wawili wawili, kama mieleka. Sikinde na taarab wakisimama peke yao, watu wa maharage watakwenda Sikinde: 60 kwa 40, Sikinde inashinda. Sikinde na Msondo wakisimama peke yao, watu wa mahindi watakwenda Sikinde, maana Msondo kwao ni ya mwisho. Hapo Sikinde inapata 25 na 40, jumla 65, Msondo inabaki na 35. Sikinde imewashinda wote, mmoja mmoja! Na hii ndiyo ile iliyotolewa mwanzo kabisa katika njia ya pili.

Msione haya kurudia hesabu hiyo. Sisi wenyewe mara ya kwanza tuliirudia, tukidhani tumekosea kuhesabu punje. Hatukukosea. Watu ni wale wale 100, na hakuna aliyebadili moyo wake. Lakini washindi ni watatu, kila njia na wake. Kwa hiyo anayechagua njia ya kuhesabu ameshika kitu kikubwa, hata kama yeye mwenyewe hapigi kura.

Pengine msomaji atasema haya ni mambo ya ngoma tu. Katika mji huu ngoma na kura havijawahi kukaa mbalimbali. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 pale pale jirani na Kariakoo, katika mtaa ambao leo unaitwa Lumumba. Mwaka uliofuata chama kilitafuta njia ya kuwapata akina mama. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya akina mama mjini, nao wakaja na watu wao. Wanawake walijiunga na TANU kwa maelfu. Chama kiliwakuta wamekwisha kujipanga, wana viongozi wao na wanaaminiana.

Lakini kujiandikisha chama ni jambo moja, na kuruhusiwa kupiga kura ni jambo jingine. Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria ulifanyika kwa sehemu mbili, mwaka 1958 na mwaka 1959. Mkoloni aliweka masharti. Mpiga kura awe na elimu ya kiwango fulani, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambuliwa. Mkulima asiyepata kusoma hakuwamo. Wazee wengi wa rika la wale waliokuja baadaye kwenye madarasa ya kisomo waliachwa nje ya mlango.

Na aliyeingia ndani alikuta sharti lingine, la kura tatu. Kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Akiacha mmojawapo, kura yake inaharibika. Waafrika walikuwa zaidi ya 98 katika kila watu 100 wa Tanganyika, lakini katika viti hivyo walipewa kimoja katika kila vitatu. Mnaona? Hata kama kila kura ingehesabiwa kwa uaminifu mtupu, njia yenyewe ilikuwa imekwisha kuamua. TANU ilibishana sana juu ya jambo hili katika mkutano wa Tabora, Januari 1958. Wengine walitaka uchaguzi ususiwe. Mwalimu Nyerere alishauri waingie, na mkutano ukakubali. Wagombea waliokuwa wa TANU au waliungwa mkono na TANU walishinda, wakiwamo Wazungu na Waasia.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika. Mwaka 1965, chini ya chama kimoja, kila mtu mzima alikuwa na haki ya kupiga kura, msomi na asiye msomi. Katika majimbo mengi waliwekwa wagombea wawili wa TANU, mmoja akapewa alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba. Ilikuwa busara, kwa sababu asiyejua kusoma aliweza kuchagua kwa macho. Ingawa jembe kwa mkulima si picha tu! Mwenye nyumba naye alikuwa na lake la kusema: jembe hulala wapi? Kwa kuwa wagombea walikuwa wawili, tatizo letu la punje halikuwapo. Kwa wawili, njia zote tatu zinatoa mshindi yule yule. Na wakubwa walianguka. Bibi Titi mwenyewe alishindwa Rufiji, na waziri Paul Bomani alishindwa Mwanza. Lililobaki ni kwamba wale wawili walikuwa wamekwisha kuchujwa na chama kabla mwananchi hajawaona.

Tatizo la punje huanza wagombea wakifika watatu. Jirani zetu wa Kenya walilionja tarehe 29 Desemba 1992, uchaguzi wao wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi. Rais Moi alipata kura kama 36 katika kila 100. Wapinzani wake waligawanyika: Kenneth Matiba kama 26, Mwai Kibaki kama 19, Jaramogi Oginga Odinga kama 17. Sheria ya wakati huo ilitaka kura nyingi kuliko wengine, pamoja na robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Moi akaendelea na urais, huku watu 64 katika kila 100 walikuwa wamemchagua mtu mwingine. Yalikuwapo malalamiko mengine mengi juu ya uchaguzi ule, lakini hili la mgawanyiko linaonekana kwa hesabu ya kawaida. Ni mahindi na maharage na kunde.

Katiba mpya ya Kenya ya mwaka 2010 ilibadili kanuni. Sasa mshindi lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Asipopatikana, wawili wa juu wanarudi kwa wananchi. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta aliivuka nusu kwa wembamba wa uzi: 50.07 katika 100. Msidhani, hata hivyo, kwamba kanuni nzuri inatosha. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliufuta uchaguzi wa urais kwa sababu ya kasoro katika uendeshaji wake, na ukarudiwa. Kanuni ni mzani, lakini mzani unamhitaji mpimaji mwaminifu.

Hapa kwetu tulipofungua mlango wa vyama vingi mwaka 1992, Katiba ilitaka Rais apate zaidi ya nusu. Mwaka 1995 Benjamin Mkapa alishinda hivyo, kwa kura kama 62 katika 100. Mwaka 2000 Katiba ikabadilishwa: tangu hapo Rais ni yule aliyepata kura nyingi kuliko mwingine yeyote, hata zisipofika nusu. Wabunge wa majimbo nao ni hivyo hivyo. Kila Rais aliyetangazwa baada ya hapo alitangazwa kuwa na zaidi ya nusu, kwa hiyo mabadiliko yale hayajawahi kuamua urais. Kwetu sisi, hiyo ndiyo sababu ya kulijadili sasa, wakati halijamnufaisha wala kumwumiza mtu.

Ipo nchi iliyotafuta njia ya kupata duru ya pili bila kuwaita watu mara mbili. Ni Ireland, kisiwa jirani na Uingereza. Nao ni watu wa muziki. Bendi yao ya U2, iliyoanza Dublin mwaka 1976, imepigwa redioni dunia nzima. Kule mpiga kura haweki alama moja. Anaandika 1 mbele ya anayempenda zaidi, 2 mbele ya anayemfuata, na kuendelea. Wa mwisho akitolewa, kura zake zinapelekwa kwa walioandikiwa 2. Mwaka 1990 waligombea urais watatu. Katika hesabu ya kwanza Brian Lenihan alikuwa na kura kama 44 katika 100, Mary Robinson 39, na Austin Currie 17. Currie akatolewa, kura zake zikagawanywa, nyingi zikaenda kwa Robinson. Akawa mwanamke wa kwanza kuwa Rais wa Ireland. Kwa kanuni yetu ya leo, angeshinda Lenihan.

Njia hiyo ina gharama yake. Inamtaka mpiga kura ajue tarakimu na asizikosee. Mwaka 1965 hilo lisingewezekana vijijini. Ninyi mnaosoma ukurasa huu mnaiweza. Lakini tusisahau kwamba katika njia ya pili, na hii ya Ireland ni dada yake, Sikinde aliyekubalika na wote alitolewa mapema. Kila njia ina jeraha lake. Sisi, kama tungeulizwa, kwa uchaguzi wa kikundi cha watu wachache tungechukua duru mbili, kwa sababu kila mtu anaona kwa macho yake kura zinakokwenda.

Sasa fungueni katiba ya kikundi chenu, iwe ya kuweka na kukopa au ya ushirika wa mazao. Tafuteni kifungu cha uchaguzi. Je, kinasema mwenyekiti apate kura nyingi tu, au zaidi ya nusu? Je, kinasema lolote? Kama hakisemi, ni nani aliyeamua mara ya mwisho?

ZOEZI. Wanakikundi 60 wa mashine ya kusaga wanachagua mwenyekiti. Mgombea wa Jembe anapata 26, wa Nyumba 19, wa Mtumbwi 15. Watu wa Jembe wakimkosa wao wanamtaka Mtumbwi. Watu wa Nyumba wakimkosa wao wanamtaka Mtumbwi. Watu wa Mtumbwi wakimkosa wao wanamtaka Nyumba. Hesabuni kwa njia zote tatu, andikeni washindi kwenye daftari, kisha mjadili: kati ya hao, yupi mngemkabidhi ufunguo wa mashine, na kwa nini?