Kupima Akili na Ubaguzi: Mzazi, Uliza Kabla ya Kutia Sahihi

Mzazi, tuseme mtoto wako anasoma Sugoi, karibu na Eldoret, na mtafiti amekuletea fomu. Anataka kujua kama watoto wanaohisi kubaguliwa, kwa kabila au kwa umaskini, hupata alama za chini katika mtihani wa akili. Je, utatia sahihi?

Swali lake ni zuri, kwani kudharauliwa huumiza moyo na hata mwili. Lakini utafiti uliopangwa vibaya huharibu jina la mtu. Katika miaka ya 1930 Dkt. H. L. Gordon, wa hospitali ya Mathari jijini Nairobi, alidai kuwa ubongo wa Mwafrika ni duni, akatilia shaka faida ya kumpa elimu. Kwa hivyo chunguza mambo manne.

1. Kipimo. Katika miaka ya 1970 Sara Harkness na Charles Super walifanya utafiti Kokwet, kijiji cha Wakipsigis. Huko mtoto aliyeitwa "ng'om", yaani mwerevu, alisifiwa pia kwa kuona kazi ya nyumbani na kuifanya bila kusukumwa. Mtihani wa karatasi hauoni werevu huo. Basi kipimo kijaribiwe kwanza kwa watoto wa hapo, kwa lugha wanayoielewa.

2. Maswali. Kumwuliza mtoto "Je, unabaguliwa?" ni kumtilia maneno kinywani. Aulizwe ni mara ngapi hutendewa bila heshima, ndipo aulizwe anadhani ni kwa nini. Mtihani utangulie, asije akaufanya huku akikumbuka machungu.

3. Muda. Alama za chini na hisia ya kubaguliwa zikionekana pamoja, hatujui ipi ilianza. Huenda mtoto anadharauliwa kwa sababu ya alama zake, au njaa ndiyo inayoleta yote mawili. Watoto wapimwe tena baada ya mwaka mmoja au zaidi, na hali ya nyumbani izingatiwe.

4. Idhini na siri. Mtafiti awe na kibali cha kamati ya maadili, kama ile ya Chuo Kikuu cha Moi na hospitali ya rufaa ya Moi mjini Eldoret, pamoja na leseni ya NACOSTI. Mtoto naye akubali mwenyewe, na alama zake zisionyeshwe mwalimu.

Akiyajibu yote, tia sahihi. Akishindwa hata na moja, mrudishie fomu yake. Mtoto akishaitwa mjinga, jina hilo humfuata miaka mingi.