Klachi Mpya na Wasaidizi Wake

Kariakoo, katika mji wa Dar es Salaam, ni mahali pa mizigo tangu jina lake, lililotokana na kikosi cha wachukuzi wa jeshi la Waingereza katika vita ya 1914–1918. Leo mizigo mingi huchukuliwa na malori.

Klachi ndiyo iunganishayo injini na giaboksi, na ndiyo iitengayo. Mzigo ukizidi nguvu zake, sahani yake huteleza, kisha huungua. Basi mwenye lori hununua klachi ngumu, akadhani kazi imekwisha. Sivyo. Klachi ngumu ina springi kali. Dereva akanyagapo, waya wa zamani huvutwa kupita uwezo wake, na beringi isukumayo springi hulemewa. Waya ukikatika, injini haitengeki na magurudumu, nalo lori li katikati ya watu sokoni.

Kwa hiyo fundi mwema hubadili waya na beringi pamoja na klachi. Tena hulainisha kwa mashine uso wa flaiwili, yaani gurudumu zito la injini, ili sahani ilishike sawasawa. Gharama huzidi, lakini ndiyo salama. Wahenga walisema: Kamba hukatikia pembamba.